Jiwe la Mwisho Chini ya Ukuta

Kitendawili!

Tega.

Ninacho kimoja tu. Nikikupa wewe, mimi sijapungukiwa hata chembe. Lakini mwenzio atalia kwamba nimemnyima.

Fikiri taratibu, usinipe mji bado. Ibra, Oman, tutafika sasa hivi, na huko wako wasichana kumi na wawili wanaotegewa na mwalimu wao kitendawili hiki kila wakifunga viatu, na mpaka leo kimewashinda.

Saa tisa alasiri, mwezi wa tano, kabla ya likizo ya joto. Uani mwa skuli ya wasichana, Ibra, wasichana hao wameinama na mafagio ya makuti ya mitende, wanafagia sakafu ya saruji kama wanaomtarajia mkwe. Si kwa ajili ya usafi. Upepo umetoka upande wa jangwa la Wahiba na umebeba mchanga, na viatu vya magurudumu havina adui kama mchanga. Punje moja ikiingia chini ya gurudumu, msichana anakwenda chini na meno yake.

"Bado kona ile! Kona, kona, mbona mnafagia katikati tu kama mnampikia mume chai?" Sauti ni ya Bi Wadha Harub, mwalimu wa mazoezi ya viungo, mama wa miaka thelathini na miwili, mwembamba, mwenye filimbi shingoni na ufunguo wa viatu kiunoni. Wanafunzi wanamwita Abla, kama wanavyoitwa walimu wa kike pande hizi.

Abla Wadha hajui kusimama. Anakwenda hatua tatu, anageuka, anarudi mbili. Shingo yake haina kituo. Viatu vinafungwa, magurudumu ya chuma yanaanza kunguruma juu ya saruji, na mara hiyo hiyo zinaanza kelele za kila siku.

"Abla, shufi, tazama! Umeniona?"

"Abla, huku! Umeniona nilivyorudi kinyumenyume?"

"Turkiya, goti!" anafoka Abla. "Kunja goti! Umemeza mchi? Mkono huo wa nini, unafukuza nzi? Tena!"

Turkiya, binti wa miaka kumi na mitano, mrefu, mwenye kovu kidevuni alilolipata papa hapa uani, anarudi nyuma na kuanza upya. Analenga katikati ya ua, anainua mguu mmoja, anazunguka juu ya mwingine. Mzunguko huo wameupa jina la "pia", kama ile pia ya kuchezea watoto.

Pembeni anapita msichana mwingine, mdogo wa umbo, kimya. Gurudumu moja la viatu vyake, vidogo visivyomwenea mwengine yeyote, linalia kama panya. Naye anazunguka, naye anasimama, naye anauliza, lakini kwa sauti ya chini:

"Abla, umeniona?"

"Vizuri," anasema Abla Wadha, na jicho lake tayari limekwenda kwingine.

Msichana huyo ni Badriya. Nyumbani humwita Abla kwa jina jengine. Humwita Mama.

Bi Wadha alizaliwa Wete, Pemba. Baada ya mwaka wa sitini na nne familia yake ilitawanyika, kila mtu akaangukia alikopokewa. Yeye alichukuliwa Kuwait na mjomba wake, akasomeshwa huko.

"Nilikuwa mtoto wa mikarafuu mie," anasimulia. "Kuwait sikuona mkarafuu wala mti wa kuparamia. Nikawa na miguu isiyokuwa na kazi. Skuli kulikuwa na mwalimu wa Kimisri, siku moja akaja na viatu vya magurudumu. Nikasema, haya, leo nimepata mti wangu."

Mwaka 1973 aliolewa na Marhun, mtu wa Ibra, karani katika ofisi ya serikali. Wakati huo barabara ya lami ilikuwa haijafika. Alishuka kwenye gari na vumbi mpaka ndani ya masikio, akiwa na masanduku mawili. Moja la nguo, jengine la viatu vya magurudumu, jozi mbili.

Mama mkwe wake, Bibi Ghalia, ambaye hajapata kuvuka bahari, alilifungua hilo sanduku la pili na kuviangalia viatu kwa muda. Kisha akamwuliza mwanawe kwa Kiarabu: "Mkeo ni mtu au ni gari?"

Bi Wadha hucheka kila akilisimulia hilo. "Mpaka leo akinituma sokoni huniambia, nenda na tairi zako."

Skuli za wasichana zilipozidi kufunguliwa, aliajiriwa kufundisha mazoezi. Kwa miaka minne aliwaomba wakubwa zake jozi za viatu, na mwaka jana zikaja kumi. Wasichana waliojiandikisha walikuwa kumi na wawili, kwa hivyo kila siku wawili hukaa kando wakisubiri. Mshahara wake ni ule ule wa mwalimu mwengine yeyote. Alasiri hizi halipwi. "Nalipwa magoti mabovu," anasema, na kuendelea kutembea.

Alichokiona mapema ni kwamba kufundisha kuteleza si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuwafundisha wengi wanaotaka kitu kimoja.

"Ukimfundisha mmoja hesabu, mwenzake haoni wivu," anaeleza. "Lakini hawa wanajua mwisho wake atasimama mmoja mbele ya watu. Basi kila nikimwendea mmoja, kumi na mmoja wanahesabu pumzi zangu. Nikicheka na huyu, yule kesho haji. Nikimfunga huyu kamba, yule kamba yake inafunguka yenyewe, utasema ina akili."

Wakaanza kununa. Wakaanza kuanguka makusudi, maana anayeanguka hukimbiliwa. Siku moja walianguka watano kwa mkupuo, na Abla akazunguka katikati hajui ambebe nani.

Jawabu alilipata kwenye maji.

Ibra, kama miji mingi ya Oman ya ndani, inakunywa kwa falaj, ule mfereji unaoleta maji kutoka chini ya ardhi mpaka mashambani. Maji ni ya wote lakini kila shamba lina zamu yake, na zamu hupimwa kwa kivuli. Kijiti kimesimamishwa juani, alama zimewekwa chini. Kivuli kikifika alama yako, maji ni yako. Kikipita, funga. Hapana kupigana, hapana kumwonea mtu haya. Jua ndilo kadhi.

Mwezi wa tisa, skuli zilipofunguliwa, Abla Wadha akasimamisha kijiti uani. Upande wa mashariki akapanga mawe kumi na mawili, kila moja limeandikwa jina kwa rangi. Kivuli kikiwa juu ya jiwe lako, jicho la Abla ni lako peke yako. Wengine endeleeni, lakini msiniite.

Kelele zikapungua. Wasichana wenyewe wakawa wanakimbilia kuangalia kivuli, wakisukumana: "Toka, bado changu! Hakijagusa herufi!"

Jiwe la mwisho kabisa, chini ya ukuta wa mashariki, aliliandika jina la bintiye.

"Watu wasije wakasema," anaeleza. "Mwana wa mwalimu anakula mwisho. Ndivyo tulivyolelewa."

Lakini watu walisema.

Aliyesema kwa sauti alikuwa Bi Kaltham, mama yake Turkiya. Hawa wawili ni watu wa Wete wote. Bi Kaltham alikuja Ibra kwa njia yake, akakaa mtaa wa pili, na haipiti Ijumaa bila sahani moja kwenda na nyengine kurudi. Siku hiyo alikuja bila sahani.

"Bi Wadha, mie na wewe tumechota kisima kimoja, kwa hivyo sitokuzunguka," alisema kabla hajakaa. "Mwanangu kutwa anafokewa. Goti, mkono, mgongo, kichwa. Utasema punda wa kukodi! Na wako je? Wako ni vizuri, vizuri, vizuri. Mtoto wangu kaja nyumbani kaniambia."

"Kaltham, sikiliza..."

"Nimeshasikiliza. Mcheza kwao hutunzwa, wazee walisema. Lakini hapo kwao ni skuli, si ukumbini kwako!"

Bi Wadha alijaribu kumweleza habari ya mawe. Bi Kaltham akamkata. "Mawe ni ya mchana. Usiku je? Nani anajua unamfundisha nini ukishafunga mlango?"

Hilo lilimchoma. Toka siku ile alipiga marufuku nyumbani kwake habari yoyote ya viatu. Badriya akianza, "Mama, ile pia..." yeye humwekea mkono mdomoni. "Ukiwa hapa mimi mama yako. Abla yuko skuli. Kamwulize yeye."

Na skuli, Abla alikuwa na neno moja tu kwa Badriya.

Mambo yalizidi moto ilipokuja habari kutoka Nizwa. Mwezi wa kumi na mbili kungekuwa na tamasha la viatu vya magurudumu la skuli za wasichana, watazamaji wakiwa wanawake peke yao, na kila skuli ingetoa msichana mmoja wa kucheza peke yake. Mmoja. Jina lipelekwe kabla Jumatano ya kwanza ya mwezi huo haijapita.

Kila mtu alijua kwamba jina litakuwa moja kati ya mawili. Wengine wote walikuwa wakijua kwenda na kurudi. Wenye pia ni Turkiya na Badriya tu.

Turkiya, ukimwuliza, haoni haya kusema anaitaka Nizwa. "Naota naanguka huko," anasema, "nikiamka nafurahi kumbe bado." Kuhusu kufokewa anacheka. "Ummi, huyo mama yangu, haelewi. Abla akinifokea najua kanitazama. Akinyamaza ndiyo nitaogopa."

Badriya yeye hakuwa akisema kitu.

Mazoezi yakazidi kasi. Abla Wadha akawa hali akashiba. Anatafuna mkate huku anatembea jikoni, mkono mmoja juu, akijaribu yeye mwenyewe namna bega linavyopaswa kushuka. Bibi Ghalia humfuata kwa macho. "Kaa, mwanangu. Hata falaj hutulia birikani."

"Nikikaa nitasahau, Bibi."

Uani jicho lake lilikuwa kwa mwenye jiwe, sikio kwa anayepita nyuma, mdomo kwa aliyesahau goti. Alijiona mwadilifu. Kila alasiri alifuata kivuli jiwe kwa jiwe, na siku zikawa zinafupika, na yeye hana habari. Mwezi wa tisa kivuli kilikuwa kinalifikia jiwe la mwisho na kulikalia mpaka wasichana wanavua viatu. Mwezi wa kumi na moja ukuta wa magharibi ukaanza kutupa kivuli chake mapema na kukimeza kile cha kijiti njiani. Likabaki jua kidogo tu la mwisho kwenye kona. Na katika hilo jua kidogo, Abla alimkuta kila siku Turkiya, anazunguka.

"Nilifurahi," anasema. "Nilisema, huyu ana ari, wenzake wamechoka yeye bado. Nikamfokea mpaka koo likakauka."

Nje ya ukuta, kila siku, husubiri basi la skuli. Dereva wake ni Sleyum, mzaliwa wa Bujumbura, aliyekuja na wazee wake wakati lami ndiyo kwanza inafika. Mwanamume haruhusiwi kuingia uani, kwa hivyo Sleyum hukaa juu ya bampa, anakunywa chai ya chupa na kusikiliza.

"Shikamoo, kocha," humwamkia Bi Wadha akitoka.

"Marahaba, Sleyum. Na usiniite kocha, mie si mpira."

"Mimi sioni, nasikia tu. Leo Turkiya ameanguka mara moja, kwa ubavu. Na yule mnene amebadilisha njia, sasa anapita karibu na ukuta. Kweli si kweli?"

Mara zote huwa kweli. Na mara zote Bi Wadha hucheka akapanda basi.

Jumatatu ya wiki ile ya jina, Sleyum hakucheka. Alisubiri wasichana wapande, kisha akauliza taratibu: "Kocha, lile gurudumu linalolia kama panya limeharibika?"

"Gurudumu gani?"

"Lile. Kwi, kwi, kwi. Silisikii tena. Si leo tu, ni siku nyingi. Nikafikiri mmelitia girisi, nikasema pole, nilikuwa nimelizoea."

Bi Wadha alisimama. Wanaomjua wanasema hiyo ndiyo mara ya kwanza walimwona amesimama. Mguu mmoja kwenye ngazi ya basi, mkono kwenye mlango.

Ndani ya basi, kiti cha nyuma, binti yake alikuwa amelaza kichwa dirishani. Viatu vyake vya ngozi vilikuwa safi. Havina ile alama ya mkanda wa kiatu cha magurudumu inayobaki juu ya ngozi baada ya kufungwa.

Hakumwuliza ndani ya basi. Alingoja wafike nyumbani, na hata pale hakujua aanze kama nani. Badriya alikuwa anamsaidia bibi yake kuchambua tende.

"Badriya. Huvai viatu?"

"Sivai."

"Tangu lini?"

"Tangu jiwe langu nilipompa Turkiya."

"Umempa? Jiwe si la kupeana! Nimekupa wewe!"

Hapo Bibi Ghalia akainua kichwa. Yeye Kiswahili hakisemi, lakini miaka kumi na moja ya kuishi na mkaza mwana wa Kipemba imemfunza kukisikia, na jiwe analijua. Akajibu kwa Kiarabu, naye Bi Wadha analikumbuka neno kwa neno:

"Kwa nini si la kupeana? Umeiga zamu za falaj na sheria zake hukuuliza. Maji yako ni mali yako. Unayauza, unayakopesha, unampa jirani. Mtoto kafanya haki." Akatupa kokwa ndani ya kikapu. "Ila mimi ningekuwa wewe ningeuliza jengine. Mtu hatoi maji yake bure isipokuwa ana mengi ya kumwaga, au shamba lake limeshakufa. Mwanao ni yupi?"

Badriya akaendelea kuchambua: tende mbovu huku, nzima huku.

"Na kitu chengine," akasema Bibi. "Mawe uliyapanga lini?"

"Mwezi wa tisa."

"Na sasa ni wa kumi na mbili. Jua la joto na jua la baridi ni jua moja? Sisi mwenye kupima falaj huzisogeza alama zake kila majira. La sivyo mwenye zamu ya mwisho hufa kiu, na kila mtu anaapa kwamba amegawa sawa."

Bi Wadha alikaa chini. Alikaa kweli, juu ya jamvi, karibu na kikapu.

"Mbona hukuniambia?" akamwuliza bintiye. "Mbona hukusema, Abla, jiwe langu halipati jua?"

"Ningesema nini?" Badriya alizungumza kwa ukali ambao mama yake hakuujua. "Hata jua lilipokuwa linafika, ulikuwa hunitazami mimi. Ulikuwa unawatazama wao, kama wanakuona ukinitazama. Kisha unasema vizuri. Nimeanguka, vizuri. Nimekosea mguu, vizuri. Turkiya unamwambia goti, mkono, mgongo, mimi nakaa nasikiliza nayashika, nikifika nyumbani najipimia, labda na mimi ndilo kosa langu. Nimejifunza kwa makosa ya Turkiya!"

Akafuta mikono yake yenye utomvu wa tende.

"Na kile kitendawili chako nakijua siku nyingi. Wale wanasema maji, wanasema ufunguo. Ni jicho. Jicho lako. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka unitegee mimi peke yangu, hata siku moja."

Siku ya pili yake Bi Wadha hakufundisha. Alizunguka soko la Ibra hanunui kitu. Aliingia kwa muuza vitambaa akatoka, akaingia kwa muuza viungo akatoka. Alirudi nyumbani, akatoka tena. Ana mambo mawili kifuani, na kila moja linalisukuma jengine.

La kwanza: kumpa Badriya nafasi. Alikuwa na deni naye, na dawa ya deni kulipa. La pili: pia ya Turkiya imekamilika, na ya Badriya haijakamilika. Yeye mwenyewe ndiye aliyesababisha, lakini hilo halimpi Badriya goti wala halimpunguzii Turkiya haki yake.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," anasema. "Ila mie nilikuwa mzazi wa aliyedhulumiwa, na mie ndiye niliyedhulumu. Niende kwa kadhi gani?"

Mwishowe alikwenda kwa mwenyewe. Alimkuta Badriya anaanika nguo juu ya paa. Akamwambia, "Jina ni kesho. Nitaliandika lako ukitaka. Sema."

Badriya alikamua kanzu mpaka tone la mwisho.

"Litaandikwa kwa sababu nimeweza, au kwa sababu nimelia?"

Mama akachukua nguo nyengine kapuni, akaianika yeye.

"Basi liandike la Turkiya. Mimi nafasi sikuiomba, Mama. Nilikuuliza kitu kimoja tu, na mpaka leo hujanijibu."

Jumatano lilikwenda jina la Turkiya.

Bi Kaltham alipata habari kabla ya adhuhuri, na kabla ya alasiri alikuwa mlangoni na mkate wa kumimina bado unafuka moshi. Akasimama kizingitini, haingii.

"Ingia, wee," Bi Wadha akamwambia. "Mkate utapoa."

"Naona haya."

"Hata mie. Ingia tuone haya pamoja."

Wakala. Katikati ya kula Bi Kaltham akasema, "Kumbe ule ukali ndio uliokuwa utunzo. Na mie naulalamikia!" Bi Wadha akamkatia kipande chengine.

Nizwa walikwenda wote, basi zima, Sleyum anapiga honi kila kijiji kama anapeleka biharusi. Ua wa skuli walikochezea ulikuwa mkubwa kuliko ule waliouzoea, na saruji yake mpya, laini mno. Turkiya alianza vizuri, akarudi kinyumenyume, akainua mguu. Kwenye pia alipoteza mwelekeo, mkono mmoja ukagusa chini. Akainuka bila kukatisha mwendo, akazunguka tena, safari hii mpaka mwisho, na vigelegele vikaruka ukutani. Hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa tatu, na alirudi Ibra akiimba mpaka sauti ikamkauka.

Badriya ndiye aliyemfunga viatu kabla hajatoka, na ndiye aliyemfungua.

Leo ni Jumamosi, ya kwanza baada ya Nizwa. Ua umefagiwa, pamoja na kona. Lakini mazoezi hayajaanza, kwa sababu kuna mgeni. Bibi Ghalia amekuja skuli kwa mara ya kwanza maishani mwake, amekalia kiti cha mwalimu mkuu kilichotolewa nje, na anaamrisha kwa fimbo.

Kijiti kimeng'olewa na kusimamishwa upya, mbali na ukuta wa magharibi. Mawe yanasogezwa. Bibi ananyoosha fimbo, wasichana wanabeba. "Hapo. Rudi. Hapo! Na mwezi wa pili mniite tena, msijifanye mnajua."

Majina nayo yamefutwa. Kila siku itapigwa kura nani aanze, nani amalizie, na mtoto wa mwalimu kura yake inaingia kikapuni pamoja na za wenzake. Kura ya leo imempa jiwe la saba.

Abla Wadha ana mipango mingi na anaieleza akitembea. Anataka jozi mbili zaidi, asikae mtu kando. Mwaka ujao tamasha litakuwa Sur, na amesikia huenda kila skuli ikatoa wawili. Anataka kuwapeleka wawili. Akiulizwa nani, anatikisa kichwa. "Mwaka ujao una jua lake."

Kivuli kinalikaribia jiwe la saba. Nje ya ukuta, Sleyum ameacha kunywa chai; inasikika, maana kifuniko cha chupa kimegonga bampa na kunyamaza. Kwi, kwi, kwi. Gurudumu la panya limeingia katikati ya ua.

Turkiya anawashika wenzake mikono wasipite. Badriya anakwenda, anageuka, anainua mguu, anazunguka. Mara moja, mara mbili, kichwa kinayumba, anazunguka tena, anasimama kwa raba ya mbele na vumbi dogo linapanda. Pumzi zinamwenda mbio. Safari hii hasemi Abla.

"Mama. Umeniona?"

Bi Wadha amesimama tuli. Hawatazami wasichana. Hamtazami Bi Kaltham, aliyekuja kumchukua mwanawe na sasa amebaki mlangoni.

"Goti hukulikunja," anasema. "Bega la kushoto limepanda mpaka sikioni. Mkono wa kulia umeufumba kama umeficha tende. Na kabla hujainua mguu unauma mdomo, mwanangu, kama ulivyokuwa ukiuma ulipojifunza kutembea. Rudi pale. Tena!"